Mashine Iliyosema Hali ni Shwari

Siku ile shule nzima ilikula chakula cha mchana mara mbili, na cha jioni hakikuwepo kabisa.

Watu hawakuuliza nani kafanya. Vichwa vya bwalo zima viligeuka vikanitazama mimi.

Sasa naomba ukae vizuri. Kama umesimama, tafuta kiti, maana ninalokwenda kulisema halijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Sikuwa mimi.

Ngoja nieleze.

Shuleni kwetu kengele ni sheria. Juu ya mlango wa bwalo wameandika kwa rangi nyekundu: KENGELE HAIHOJIWI. Saa za mkononi wanafunzi haturuhusiwi, na walimu wanazo ila wanaziogopa. Kengele ya kula ikilia, unakula. Ya kulala ikilia, unalala, hata kama jua linakuchungulia dirishani.

Na kengele hiyo haipigwi na mtu. Inapigwa na mashine.

Mashine yenyewe ni kompyuta ndogo, ukubwa wa boksi la viatu, imewekwa juu ya meza kwenye baraza la ofisi ya Mkuu wa shule. Katibu muhtasi wake ameivisha kitambaa cha kutarizi, kama redio ya sebuleni kwa mama mkwe, ikabaki skrini tu inachungulia.

Hiyo ndiyo fahari ya Mkuu. Kwa sababu mfumo endeshi wake, yaani ile programu ya chini kabisa inayoiambia mashine jinsi ya kuwa mashine, haukununuliwa. Uliandikwa pale pale shuleni na mwalimu wa kompyuta, tunayemwita Injinia, pamoja na klabu yake.

Mkuu huwaambia wageni: "Shule nyingine zinatumia mifumo ya watu. Sisi tuna wetu."

Wageni hutikisa vichwa. Hawajui maana yake, lakini inasikika ghali.

Na kwenye skrini, mara kwa mara, hujitokeza maneno ya kijani:

HALI NI SHWARI.

Mkuu hunyoosha kidole. "Mnaona? Inajipima yenyewe, inatoa taarifa yenyewe."

Sisi tukaipa jina: Bibi Shwari.

Basi siku hiyo Bibi Shwari alipiga kengele ya chakula cha mchana saa saba, kama kawaida. Tukala. Saa tisa, tukiwa katikati ya somo la historia, akapiga tena ile ile.

Mwalimu wa historia aliweka chaki chini, akatazama saa yake, akaificha mfukoni haraka kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi.

"Pangeni mstari," akasema.

Mpishi alipotuona tunakuja na sahani alishika kichwa. Lakini naye ni mtu wa kengele. Akapakua chakula cha jioni chote.

Kesho yake ikawa mbaya zaidi. Tulikuwa tunacheza mpira na shule ya jirani, saa kumi na moja jioni, tunaongoza. Ikalia kengele ya kulala.

Golikipa wetu ni kijana mtiifu. Alivua glavu, akaaga, akaenda bwenini.

Wageni walifunga mabao mpaka wakaanza kuona aibu.

Sasa unajiuliza kwa nini mimi. Ni swali zuri, na jibu lake ni refu, ila nitalifupisha. Muhula uliopita nilibandika tangazo kwenye ofisi ya walimu kwamba viti vyote vitapimwa uimara, na kila mwalimu akae kwenye kiti chake bila kutikisika mpaka wataalamu wafike.

Walikaa asubuhi nzima.

Sikuwadhuru. Nilitaka tu kujua. Na tangu hapo shule nzima wananiita Jaji, kwa sababu hata nilipoulizwa nilijibu kwa sauti ya mahakamani.

Kwa hiyo mwalimu wa nidhamu, ambaye sisi tunamwita Radi na yeye anajua, alinifuata moja kwa moja hadi bwenini.

"Jaji."

"Naam, Mwalimu."

"Umeifanya nini kengele?"

"Mwalimu, naapa..."

"Usiape. Ukiapa ndiyo najua."

"Basi siapi."

"Mnaona! Hata kuapa anaogopa!" akawaambia waliokuwa bwenini.

Akatangaza kwamba kamati ya nidhamu itakaa Ijumaa. Adhabu anayoipendekeza: kufukuzwa.

Hapo kicheko kilinikauka. Mimi niko mwaka wa mwisho. Mtihani wetu uko karibu, na hakuna shule inayopokea mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyetimuliwa kwingine. Kufukuzwa maana yake hakuna mtihani, na bila mtihani, miaka yote hii ya kulala kwenye godoro lenye bonde katikati ingekuwa kazi bure.

Radi akampigia simu shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Shangazi ni mkunga. Anasema watoto wote aliowapokea duniani walilia, isipokuwa mimi nilikuja nikitabasamu, akajua hapo hapo kuna balaa.

Nikapewa simu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Si mimi, Shangazi."

"Kama ni wewe sema sasa, nikutukane kwa simu, nisipoteze nauli."

"Si mimi, nakuambia kweli."

"Mwanangu, ungekuwa unadanganya ningekujua. Hili la ukweli sina mazoea nalo."

Akasema atakuja.

Mpaka Ijumaa ifike, niliamriwa kukaa kwenye benchi la wakosaji, nje ya ofisi ya Mkuu, chini ya macho ya katibu muhtasi. Benchi hilo nalifahamu. Tuna historia. Lipo ana kwa ana na Bibi Shwari, hata magoti yangu yanakaribia kugusa meza yake.

Mtu akikaa kitako siku nzima bila kazi, ama analala ama anakuwa mwanasayansi. Kulala nilikatazwa.

Nikaanza kumchunguza Bibi.

Asubuhi, kukiwa na ubaridi, skrini yake ilikuwa nyeusi na kengele zote zililia sawasawa. Mchana, bati likishapata joto na lile baraza kugeuka tanuri, ndipo maneno yalipoanza. Hali ni shwari. Yanafutika. Hali ni shwari. Hali ni shwari. Mwisho yakawa yanamiminika kama mtu anayeapa.

Muda si mrefu ikalia kengele ya paredi, wakati hakuna paredi.

Kesho yake hivyo hivyo. Maneno kwanza, balaa baadaye.

Nikamtumia ujumbe Nukta.

Nukta ni kiongozi wa klabu ya kompyuta. Ni msichana mfupi mwenye miwani mikubwa, na akimaliza jambo analoliamini husema "nukta", ujue mjadala umefungwa. Alikuja wakati wa mapumziko akajifanya anasoma ubao wa matangazo.

"Una dakika mbili," akasema bila kunitazama.

"Bibi akisema mambo ni mazuri, mambo yanaharibika."

"Huo ni ushairi au taarifa?"

"Taarifa. Kaa hapa mchana uone mwenyewe."

Hakukaa. Alikwenda maabara akaifungua programu, na jioni akaniita kwenye dirisha la maabara. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Jaji, unajua kache ni nini?"

"Najua kachumbari."

"Sikiliza, mjinga wewe. Mpishi ana stoo, sivyo? Chumvi iko stoo. Lakini hawezi kukimbia stoo kila akitaka chumvi, kwa hiyo anaweka kidogo kwenye mfuko wa aproni. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nayo iko hivyo. Stoo ni kumbukumbu kuu. Mfuko wa aproni ndiyo kache. Inaweka humo namba inazozitumia sana, kama saa za kengele."

"Nimekuelewa."

"Kila namba humo ndani ni kama safu ya taa. Nyingine zimewaka, nyingine zimezima. Chombo kikipata joto kupita kiasi, taa moja inaweza kujigeuza. Kumi na tatu inakuwa kumi na tano."

"Kumi na tatu ndiyo nini?"

"Saa saba mchana. Mashine inaanza kuhesabu saa sita usiku. Na kumi na tano ni saa tisa."

Nikaona sahani zetu zimepanga mstari mara ya pili.

"Taa moja tu?"

"Moja. Na ya kulala, ishirini na moja, ikipoteza taa moja inakuwa kumi na saba. Saa kumi na moja jioni. Mpira. Nukta."

Akaendelea. Kwamba prosesa si mpumbavu, kila kundi la taa lina taa moja ya ziada, shahidi, anayejua kama zilizowaka ni shufwa au witiri. Shahidi akikataa, prosesa inaacha kila kitu na kukimbilia kipande maalumu cha mfumo endeshi. Yeye anakiita Mpokea Habari Mbaya.

"Na huyo kazi yake nini?"

"Kwanza, asiiamini kache hata chembe. Afanyie kazi nje yake, asome kutoka stoo. Halafu aitupe namba iliyoharibika, achukue nakala nzima kutoka stoo, maisha yaendelee. Ila ikiwa namba ilibadilishwa mfukoni na stoo haina nakala, basi hapo ukweli umepotea. Asimamishe mashine na aseme sijui."

"Na wa kwetu anafanya nini?"

Nukta akanigeuzia skrini. Mpokea Habari Mbaya wetu alikuwa na mistari miwili.

Wa kwanza: andika HALI NI SHWARI.

Wa pili: rudi kazini.

Nilisoma. Nikasoma tena. Nikamuuliza kama maneno hayo yapo mahali pengine popote kwenye mfumo.

"Hapo tu," akasema. "Nimetafuta kote."

Kwa maneno mengine, kila Mkuu aliposimama na wageni akanyoosha kidole kwenye maandishi ya kijani, mashine ilikuwa inapiga mayowe.

"Halafu kuna la pili," akasema Nukta. "Mpokea huyu anafanyia kazi ndani ya kache ile ile mbovu."

"Yaani anayeshtakiwa ndiye anayepokea mashtaka?"

"Kama sisi tunavyopeleka malalamiko ya viranja kwa kiranja mkuu."

Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka, maana ilikuwa kweli.

Tukamfuata Injinia.

Injinia ni mtu mwema, mrefu, amejikunja kidogo kama anaingia mlango mfupi hata akiwa uwanjani. Alipoona ule ukurasa kwenye kompyuta ya Nukta, alivua miwani akaanza kuifuta.

"Mwanzo sikuandika hivyo," akasema. "Mwanzo ilikuwa inasimama na kuandika KOSA."

"Ikawaje?"

"Walikuja wageni. Mkuu yuko katikati ya kuisifu, ikasimama ikaandika KOSA mbele yao, kwa herufi kubwa. Baadaye akaniita. Akasema sitaki kuliona neno hilo kwenye shule yangu. Nikamwambia Mkuu, hiyo ni taarifa tu. Akasema, basi itoe taarifa nzuri."

"Mwalimu, Ijumaa njoo useme hivyo hivyo," nikamwambia. "Maneno hayo hayo tu. Wananifukuza."

Akavaa miwani. Akaivua tena.

"Mwanangu, mimi nina watoto. Nakaa nyumba ya shule."

Sikumlaumu. Nadanganya. Nilimlaumu sana, ila kwa adabu.

Ijumaa ikafika. Shangazi alikuja na mwavuli wake mweusi na lile vazi la kuendea kwenye misiba, nikaona amejiandaa kwa matokeo yoyote.

Kamati ilikaa ofisini kwa Mkuu, mchana, baada ya chakula ambacho safari hiyo kililiwa mara moja. Mkuu katikati. Radi kulia. Walimu wengine wawili wamekuja kutikisa vichwa. Nukta aliruhusiwa kuwa shahidi wangu baada ya kuomba kwa maandishi, kwa mdomo na kwa kukataa kuondoka mlangoni.

Viranja wawili wakaitwa mmoja mmoja.

Wa kwanza: "Tulimwona mtuhumiwa akirandaranda karibu na kengele kwa mwendo wa kutia shaka."

Wa pili: "Tulimwona mtuhumiwa akirandaranda karibu na kengele kwa mwendo wa kutia shaka."

"Ushahidi umelingana," akasema Radi kwa furaha.

"Mwalimu," nikasema, "yule shahidi wa taa ana udhaifu mmoja. Taa mbili zikikosea kwa pamoja, yeye anaona sawa."

"Taa gani?"

"Nyamaza, wewe," akasema Shangazi. "Unazungumza kama uliyeanguka kitandani."

Nukta akaeleza. Stoo, aproni, chumvi, taa, shahidi. Alieleza vizuri mno. Nyuso za kamati zilikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa.

Ndipo nikaomba Bibi Shwari aletwe.

Akawekwa mezani mbele ya Mkuu, nyaya zake zikiburuzwa nyuma. Nukta akakikunja kile kitambaa cha kutarizi mara mbili, akamfunika vizuri, kama anamlaza mtoto mwenye homa. Tukangoja. Bati juu yetu lilikuwa linalia kwa jua.

HALI NI SHWARI.

"Hilo ni kosa la kwanza," akasema Nukta.

"Kosa liko wapi?" akasema Mkuu. "Imeandika shwari."

HALI NI SHWARI. HALI NI SHWARI. HALI NI SHWARI.

Na kabla Nukta hajafungua tena mdomo, kengele ikalia shule nzima. Kengele ya paredi.

Radi alisimama kama amevutwa na kamba. "Kengele!" akapaza sauti, akatoka. Walimu wawili wakamfuata, viranja nyuma yao. Mkuu akamtazama Nukta.

"Na wewe. Kengele."

Nukta alinitazama kwa huruma, akaenda.

Tukabaki watatu. Mimi, Shangazi, na Mkuu, na Bibi katikati yetu akiendelea kutuhakikishia.

Mkuu aliinuka, akakiondoa kitambaa taratibu, akakikunja vizuri. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, iliyochoka.

"Nimeona," akasema. "Mimi si mjinga."

"Sasa Mkuu..."

"Subiri. Siku ya Wazazi iko karibu. Atakuja mgeni rasmi kuitazama mashine hii. Mashine ikikosea, ni aibu ya shule. Mwanafunzi akikosea, ni kazi ya shule. Unaelewa tofauti?"

Nilielewa. Na nikiri, ni sentensi nzuri sana. Ningeiandika kwenye ukuta.

"Kubali kwamba uliichezea. Hutafukuzwa. Utafanya mtihani wako. Siku ya Wazazi utasimama mbele ya watu, utaomba radhi, basi. Ukikataa, kamati inarudi, na ile kamati umeiona."

Nikamgeukia Shangazi. Nilitegemea angesimama kama simba jike.

"Kubali twende zetu," akasema.

"Shangazi!"

"Shangazi nini? Makosa uliyofanya bila kukamatwa yanatosha kulipia hili na jingine."

Hapo ndipo nilipoumia. Si kwa sababu ya ukweli, ukweli na mimi hatujazoeana sana. Niliumia kama fundi. Mzaha wangu una mwanzo, una mwisho, watu wanacheka wanaenda kula. Huu ulikuwa wa hovyo. Umemnyima mpishi usingizi, umetufungisha mpira. Leo niutie sahihi mimi?

Lakini mtihani. Lile godoro.

"Nakubali," nikasema. "Ila kwa sharti moja. Kama niliiharibu mimi, basi niitengeneze mimi. Mimi na Nukta. Tuandike tunavyojua."

Mkuu alifikiri. Aliona ni adhabu, akaipenda.

"Andikeni mnachotaka humo ndani," akasema. "Mradi isinitie aibu."

Tukaandika. Kwa kweli Nukta aliandika, mimi nilishika kalamu na kutoa maoni ya kifalsafa. Mpokea Habari Mbaya mpya alifanyia kazi nje ya kache. Namba ikiharibika na stoo ina nakala, anaitupa mbovu na kuchukua nzima, bila kelele. Ukweli ukipotea kabisa, anaizima kengele na kuandika: KOSA LA KACHE. SIJUI SAA.

Injinia alikuwa anapita nyuma yetu akisema, "Mimi sijaona." Akipita tena anasema, "Pale mmesahau kusafisha mstari wa pili. Ila sijaona." Mwisho akachukua kazi yetu ili aipakie mwenyewe kwenye mashine, maana ufunguo wa kupakia anao yeye peke yake.

Wiki nzima kengele zililia kwa haki. Skrini ilikuwa nyeusi, na Mkuu alionekana kukosa kitu, kama mtu aliyezoea kusifiwa kila asubuhi.

Siku ya Wazazi ikafika.

Viti uwanjani, turubai kwa wakubwa, jua kwa wadogo. Bibi Shwari akawekwa mbele ya jukwaa kwenye meza yake peke yake, nje ya turubai ili aonekane. Na katibu muhtasi, Mungu ambariki, alikuwa amemshonea kitambaa kipya. Cha mahameli. Kizito.

Ratiba yote ilikwenda kwa kengele. Kengele, kwaya. Kengele, sarakasi. Kengele, hotuba ya mgeni rasmi. Baada yake kengele, halafu mimi.

Nilikuwa nimesimama pembeni ya jukwaa, shati limepigwa pasi, maneno ya kuomba radhi nimeyakariri. Shangazi alikaa mstari wa mbele chini ya mwavuli wake. Hakuwa ananitazama. Nilishangaa kwamba hilo liliniuma kuliko yote.

Mgeni rasmi akanong'onezwa: "Kengele ikilia, tutaendelea."

Akaanza. Akasema umuhimu wa elimu. Akasema umuhimu wa nidhamu. Akanyamaza, akasikiliza kengele. Hakuna.

Akaendelea. Umuhimu wa michezo. Umuhimu wa maji.

Hakuna.

Akahamia utoto wake. Kisha goti lake, jinsi lilivyopasuliwa, daktari alivyosema. Watoto wa kidato cha kwanza walianza kuegemeana. Mama mmoja nyuma akasema, "Jamani, goti la pili nalo linakuja." Na hakuna aliyethubutu kumkatisha, kwa sababu kengele haijalia, na kengele haihojiwi.

Alipofika kwenye ndoa yake ya kwanza, Mkuu alinyanyuka.

Alitembea mpaka mezani akiwa na kipaza sauti mkononi. Akafunua mahameli. Mvuke haukutoka, lakini mimi niliuona.

"Inasemaje?" akauliza mgeni rasmi, akiwa na matumaini ya kupumzika.

Mkuu amewasomea wageni skrini ile miaka mingapi? Mdomo ulikwenda wenyewe. Alisoma kwa sauti, ikasikika mpaka jikoni:

"Kosa la kache. Sijui saa..."

Akasita. Akainama karibu zaidi.

"...Si la mtu."

Halafu watu wakapiga makofi kwa nguvu zote. Walidhani hotuba imekwisha.

Mimi sikupiga. Yale maneno matatu ya mwisho hatukuyaandika sisi.

Radi alikuwa amekunja uso, anafikiri, na kufikiri kwake huwa kunaonekana kwa mbali kama lori linapanda mlima. "Sasa kama si la mtu," akasema kwa sauti kubwa, "huyu Jaji anaomba radhi ya nini?"

"Huyu kijana amefanya nini?" akauliza mgeni rasmi.

Kila mtu akamtazama Mkuu. Mkuu akanitazama mimi.

"Huyu," akasema mwishowe, "ndiye aliyesaidia kuitengeneza."

Makofi tena. Shangazi alifunga mwavuli, akapiga kigelegele kimoja kirefu cha wodi ya wazazi, akaanza kuwaeleza majirani zake kwamba mimi ni damu yake, jambo ambalo asubuhi alikuwa halitaji.

Ile hotuba yangu ya kuomba radhi haikusomwa kamwe. Ilikuwa nzuri mno. Bado inaniuma.

Nikamkimbilia Nukta.

"Umeniokoa. 'Si la mtu.' Wewe ni jasiri."

"Si mimi," akasema. "Mimi niliishia kwenye 'sijui saa'. Nukta."

Tukageuka wote wawili.

Injinia alikuwa amekaa mstari wa nyuma kabisa, anafuta miwani, anaifuta kama anataka kuimaliza.

"Mwalimu," nikamwambia polepole, "si ulisema una watoto?"

"Ninao," akasema. "Wa kwanza anaanza kidato cha kwanza hapa mwakani."

Akavaa miwani, akaondoka, amejikunja vile vile.

Mkuu hajamwita mpaka leo. Mtihani niliufanya. Na mimi, ambaye sina mamlaka yoyote ya kumfundisha mtu maadili, nakuachia hili bure: kosa likisemwa, ni kazi ya mchana mmoja. Likifichwa halikai bure. Linazunguka, linapiga hodi mlango kwa mlango, likitafuta mtoto wa mtu wa kulibeba.